Ujira wa Saa 214

Mwezi Februari 2019, hospitali moja ya misheni katika Nyanda za Juu Kusini ilitangaza dau la dola 800 kwa mtayarishaji programu yeyote ambaye angeongeza kipengele kimoja katika mfumo huria (yaani ule ambao msimbo wake, maandishi yanayoielekeza kompyuta, yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuubadili) wa kutunza stoo ya dawa. Wakati ule dola moja ilibadilishwa kwa takribani shilingi 2,300, kwa hiyo fedha hizo zilikuwa kama shilingi 1,840,000. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, sina ajira ya kudumu, na mfumo wenyewe niliufahamu kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuusahihisha hitilafu ndogondogo mara kadhaa bila malipo. Nilikadiria wiki tatu za kazi, nikajiandikisha kwenye jukwaa lililoshika fedha hizo, na usiku uleule nikaanza.

Kipengele chenyewe kinaelezeka kwa sentensi moja: dawa inayotangulia kuisha muda ndiyo itangulie kutoka stoo. Mfumo ulikuwa ukitoa dawa kwa kufuata tarehe ya kupokelewa, jambo ambalo huonekana sahihi mpaka siku shehena mpya inapofika ikiwa na muda mfupi kuliko ile iliyoko rafuni, na hapo hospitali huanza kutupa makopo ambayo yangeweza kuwafaa wagonjwa. Mfamasia wa hospitali ile alinieleza kwa simu kwamba kila Jumatatu alizunguka rafu na kalamu nyekundu, akiandika kwa mkono kwenye bin kadi, ile kadi ya rafuni ya kumbukumbu za dawa, ni bachi ipi (yaani fungu lipi la dawa lenye tarehe yake ya kuisha muda) itoke kwanza, kwa kuwa kompyuta ilikuwa ikimwelekeza kwenye bachi nyingine. Niliposikia hivyo nilijua kwamba kazi hii ina maana, na mpaka leo sijabadili mawazo juu ya hilo.

Lakini sentensi ile moja ilikuwa na mengi ndani yake. Lebo nyingi za dawa huonyesha mwezi na mwaka tu, tuseme 06/2020, na kwa kawaida maana yake ni kwamba dawa inafaa hadi siku ya mwisho ya mwezi huo; mfumo ulikuwa ukiisoma kama tarehe 1, ukiipunguzia dawa karibu mwezi mzima. Mgonjwa anapoandikiwa vidonge 21 na bachi ya kwanza imebakiwa na 14, mfumo unapaswa kuchukua 14 huku na saba kule, na kuandika mistari miwili kwenye leja bila kumchanganya anayetoa dawa. Wodi inaporudisha vidonge, sharti virudi kwenye bachi vilikotoka. Na madirisha mawili ya kutolea dawa yanapoigusa bachi moja katika sekunde ileile, moja linapaswa kulisubiri jingine, la sivyo stoo itaonyesha idadi iliyo chini ya sifuri. Hakuna hata moja kati ya haya lililoandikwa kwenye tangazo, wala simlaumu aliyeliandika, kwa sababu mambo ya namna hii hujulikana kazi ikishaanza.

Katika wiki ya pili niligundua kwamba siko peke yangu. Mtayarishaji programu mwingine, mkazi wa Brazil, alikuwa ameanza siku chache kabla yangu na alikuwa amekwisha kuwasilisha nusu ya msimbo wake. Masharti ya dau yalisema wazi kwamba atakayelipwa ni yule tu ambaye kazi yake itaunganishwa kwenye msimbo mkuu, kwa hiyo badala ya kuandikiana tukagawana kazi, kila mmoja wetu aliongeza mwendo. Kazi yake ilikataliwa kwa kukosa majaribio ya kutosha, yangu ikaendelea. Hata hivyo, namna ya kuifunga bachi wakati dirisha moja likiitumia, ambayo ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu kuliko zote, nilikuwa nimeisoma kwenye msimbo wake na kuifuata. Leseni iliniruhusu kufanya hivyo, na jina lake nililitaja katika maelezo ya kazi. Fedha sikumgawia, na jambo hilo lilinisumbua kwa zaidi ya miaka miwili.

Niliwasilisha kazi kamili mwishoni mwa Machi, na ikaunganishwa tarehe 27 Juni. Katikati ya siku hizo kulikuwa na mapitio. Msimamizi wa mradi aliyeipitia kazi yangu alikuwa na ajira nyingine ya mchana, akisoma misimbo ya watu usiku, na maswali yake yote yalikuwa ya haki. Aliniuliza itakuwaje kwa hospitali ambazo hazikuwahi kuingiza tarehe za kuisha muda. Aliniomba niigawe kazi katika vipande vinne ili asome kimoja kimoja. Mara mbili alinyamaza kwa wiki nzima, na nilipomkumbusha aliniomba radhi kwa unyenyekevu ulionifanya nione aibu. Sikuwa na ugomvi naye. Kasoro ilikuwa kwenye sharti la malipo, lililoufunga ujira wangu kwenye uamuzi wa mtu ambaye hakuwa na mkataba nami, hakulipwa na yeyote, na hakuwa na sababu ya kuharakisha, ilhali mimi nilikuwa na kodi ya chumba ya kulipa.

Nimemkumbuka mara nyingi msimamizi yule tangu mwaka 2024, ilipogundulika kwamba programu ya kubana data iitwayo xz, ambayo imo katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepenyezewa mlango wa siri. Aliyeupenyeza alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani, akijifanya kumsaidia msimamizi aliyeibeba programu hiyo karibu peke yake, na msimamizi huyo alikuwa ameeleza hadharani kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba mradi ule haumlipi chochote. Mhandisi Andres Freund aliugundua mlango huo alipofuatilia kwa nini kuingia kwenye seva kulichelewa kwa takribani nusu sekunde. Tunapozungumzia ujira wa haki huwa tunamfikiria anayeandika msimbo, na tunamsahau anayeusoma, ambaye ndiye kinga yetu sote.

Jukwaa lilikata asilimia 10 ya dau, benki za kati zikakata dola 45, na zilizoingia kwenye akaunti yangu zikawa dola 675. Nilikuwa na desturi ya kuandika saa zangu kwenye daftari, na siku hiyo nilikaa nikazijumlisha. Mazungumzo na wafamasia yalichukua saa 22. Mjadala wa muundo ulichukua saa 31, uandishi wa msimbo 61, majaribio 38, kujibu mapitio 44, na nyaraka pamoja na tafsiri ya Kiswahili 18. Jumla ni saa 214. Kama ningezihesabu saa za kuandika msimbo pekee, ningesema nimelipwa dola 11 kwa saa, na nisingelalamika. Kwa hesabu ya kazi yote nilikuwa nimelipwa dola tatu na senti 15. Uandishi wa msimbo, ambao ndio sisi wenyewe na wateja wetu tunaoufikiria tunapotaja bei, haukufika hata theluthi ya kazi.

Hospitali ile haikuwa bahili. Mhasibu wake alinieleza baadaye kwamba waliuliza huku na huko kipengele kama hicho kingechukua muda gani, wakaambiwa wiki mbili, wakaongeza kidogo. Wala hawakuwa miongoni mwa wale wanaodhani kwamba programu ikiwa huria basi na jasho lililoitengeneza halina bei. Wa namna hiyo nimekutana nao wengi, na swali lao huwa ni lilelile: "Si ni ya bure hii?" Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati katika jambo hili, kwa kuwa lugha yetu imeyatenga maneno mawili, huria na bure, ambayo Kiingereza kimeyaweka katika neno moja, free, na kwa hiyo imewalazimu wanaoitetea programu huria kwa Kiingereza kutumia miaka mingi wakifafanua kwamba wanachokusudia ni uhuru. Richard Stallman mwenyewe, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo endeshi huria, alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 kanda moja, na hakuona mgongano wowote. Huria ni haki ya kuutumia msimbo, kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Bure ni habari ya mfuko wa mtu, nayo ni habari nyingine kabisa.

Jibu la tatizo langu sikulipata kwa watu wa kompyuta. Mwishoni mwa mwaka ule wa 2019 tulikuwa tukimjengea mama nyumba huko Goba, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuzungumza na fundi. Nilimpendekezea kwamba tumlipe fedha zote za ufundi nyumba ikimalizika na mjomba, ambaye ndiye mjuzi wa ujenzi katika familia yetu, akishakuja kuikagua. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, mimi nalipwa kwa boma nililosimamisha. Mjomba wako akipata nafasi ya kuja baada ya miezi mitatu, mimi nitakuwa nimekula nini?" Akanipangia awamu zake: kianzio, msingi, kuta hadi lenta, kisha kupaua, na kila awamu ina fedha yake, na kasoro itakayoonekana katika awamu fulani ataisahihisha kabla ya kuingia nyingine. Mjomba angekagua kwa muda wake. Nilikubali palepale, na nikiwa kwenye daladala la kurudi Sinza nikatambua kwamba nilikuwa nimejaribu kumfunga fundi yule kwa sharti lilelile lililonifunga mimi.

Mwaka mmoja baada ya kipengele kuunganishwa, toleo jipya la mfumo lilibadilisha mpangilio wa hifadhidata, na kwa hospitali zenye kumbukumbu za zamani tarehe za kuisha muda zikasogea siku moja nyuma. Barua pepe zilimiminika kwangu, kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa juu ya msimbo ule. Nilitumia saa 40 kurekebisha, bila malipo, kwani dau lilikuwa limekwisha kufungwa na hakuna anayeweka dau ili kitu kiendelee kufanya kazi kama kilivyofanya jana. Mambo haya si ya miradi midogo pekee. Mwezi Aprili 2014, hitilafu iliyoitwa Heartbleed ilipopatikana katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri kwenye intaneti, ilifahamika kwamba mradi huo ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote, na kwamba michango uliyopokea ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni makubwa yaliyoutegemea yalianza kuchangia kwa pamoja kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi huria, baada ya hatari hiyo kujulikana. Kipengele kipya huonekana, kwa hiyo hupata mfadhili. Matunzo hayaonekani mpaka yakosekane.

Mwaka 2020 nilipata pendekezo kutoka kwa wakala mmoja wa Ulaya aliyekuwa akitafuta watu wa kuongeza vipengele katika mfumo huohuo kwa niaba ya mfadhili. Nilipewa dola tisa kwa saa. Kwa bahati nilizungumza na mwenzangu wa Ulaya aliyekuwa katika orodha ileile ya kazi, akaniambia yeye analipwa 45, na nilipomuuliza wakala sababu, alinijibu kwa upole kwamba gharama za maisha Tanzania ni nafuu. Ni kweli kwamba wali na maharage Sinza ni rahisi kuliko chakula cha Ulaya. Lakini kompyuta mpakato niliyoinunua ilipangiwa bei kwa dola na ikaongezewa gharama za kuisafirisha. Betri ya akiba kwa ajili ya umeme unapokatika mwenzangu hakuhitaji kuinunua. Na vifurushi vya intaneti vilikula sehemu ya kipato changu ambayo yeye hakuwa nayo katika hesabu zake. Zaidi ya hayo, hitilafu ambayo ningeizuia ingemwokolea mfadhili fedha zilezile, awe ameizuia mtu wa Sinza au mtu wa Ulaya.

Najua kwamba watu wema wanatofautiana juu ya jambo hili. Programu ya mafunzo ya Google Summer of Code, inayowalipa vijana wachangie miradi huria na iliyoanza mwaka 2005, iliwahi kuwalipa vijana wote kiasi kimoja, na tangu mwaka 2017 imekuwa ikipanga posho kwa kuzingatia uwezo wa fedha kununua vitu katika kila nchi. Outreachy, yenye lengo linalokaribiana na hilo, hulipa dola 7,000 kwa miezi mitatu kwa kila mshiriki, popote anapoishi. Hoja ya kwanza naielewa, hasa fedha zikiwa na kikomo na waombaji wakiwa wengi. Hata hivyo mimi nasimama na ya pili, kwa sababu anayelipwa kidogo kwa ajili ya mahali alipo hujikuta akichukua kazi tatu kwa wakati mmoja, na zote tatu huharibika. Kisha husemwa kwamba watu wa huko hawana umakini. Pendekezo la wakala nililikataa. Ilikuwa miezi migumu, na sitamwambia mtu mwenye watoto wa kulisha kwamba afanye kama mimi.

Nafasi ya kuyapanga mambo upya ilikuja mwaka 2021, wakati hospitali tatu, miongoni mwao ile ya kwanza, zilipohitaji kipengele cha kuhamisha dawa kutoka stoo kuu kwenda zahanati zao. Kila moja ilikuwa ikizisubiri nyingine zilipie, kwa sababu kipengele kikishaingia katika programu huria hakiwezi kumnyima faida ambaye hakuchangia. Nilikutana na wahasibu wao kwa simu na kuwaeleza habari ya Blender, programu ya kuchora picha za pande tatu, ambayo mwaka 2002 ilikuwa imebaki mikononi mwa wawekezaji wa kampuni iliyofungwa. Ton Roosendaal aliwaomba watumiaji wachange, na katika wiki saba zikapatikana euro 100,000 za kuununua msimbo huo na kuufanya huria. Watumiaji wale walilipa kwanza, wakijua kabisa kwamba watafaidika na wasiolipa. Mhasibu wa hospitali ya kwanza aliuliza swali ambalo bado nalistahi: "Je, tukitoa theluthi kila mmoja, hasara yangu iko wapi hata wengine mia wakiitumia bure?" Hakukuwa na hasara. Theluthi ilikuwa ndogo kuliko thamani ya dawa alizokuwa akizitupa.

Mkataba tuliouandika ulikuwa na umbo la awamu za fundi wa Goba. Kianzio kililipa mazungumzo na wafamasia na waraka wa muundo, ambao ulijadiliwa na wasimamizi wa mradi kabla sijaandika mstari hata mmoja wa msimbo. Sehemu kubwa ya fedha ililipwa siku msimbo ulipowasilishwa pamoja na majaribio yaliyofaulu, na sehemu nyingine ilikuwa ya kujibu mapitio kwa siku 60, kazi iunganishwe au isiunganishwe. Tulitenga asilimia 12 kwa ajili ya wanaopitia, jambo lililobishaniwa kuliko yote, kwa sababu wasimamizi wenyewe waliogopa kwamba fedha ingewafanya waonekane wanauza idhini yao. Tulikubaliana kwamba walipwe kwa saa walizosoma, iwe uamuzi wao ni ndiyo au hapana. Baada ya hapo kulikuwa na ada ndogo ya kila mwezi, kwa miezi 12, ya kutunza kipengele. Saa yangu niliipangia dola 30.

Kabla ya kuanza nilimwandikia yule mwenzangu wa Brazil. Nilimweleza nilichochukua kwenye msimbo wake mwaka 2019, na nikamwambia kwamba ninamtumia dola 150 ambazo nilipaswa kumpa wakati ule. Alikaa wiki mbili bila kujibu, na nilidhani amekasirika. Alipojibu alisema kwamba tangu kazi ile ikataliwe hakuwa amerudi katika mradi, kisha akauliza kama uhamishaji wa dawa kati ya stoo mbili ungehitaji tena kufunga bachi. Ulihitaji. Sehemu hiyo aliifanya yeye, kwa dola 30 kwa saa kama mimi, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Kazi yetu haikuunganishwa yote. Wasimamizi waliikataa sehemu ya ripoti za zahanati kwa sababu iligongana na mpango wao wa toleo lililofuata, nasi tukalipwa kama mkataba ulivyosema, na hospitali zile tatu zikaendelea kuitumia sehemu hiyo kama kiambatanisho cha pembeni. Mwisho wa siku zile 60 nilimwomba msimamizi aliyeipitia kazi, yuleyule wa mwaka 2019, aniletee ankara. Alikuwa hajawahi kuandika ankara kwa ajili ya mradi huo tangu ajiunge nao. Aliniletea ya saa tano. Nilipofungua kumbukumbu za mapitio niliona maoni yake katika siku tisa tofauti, mengine marefu kuliko msimbo aliokuwa akiuzungumzia, kwa hiyo nilimrudishia ankara ile nikimwomba aingize na saa alizosoma akafunga kompyuta bila kuandika neno. Siku iliyofuata ilirudi ikiwa na saa 17.